Diski Moja, Pande Mbili

Jumatatu, 17 Septemba 2007

Shule imefungwa kwa ajili ya mavuno na nusu ya darasa letu wako mashambani, kwa hiyo sina maktaba mpaka Oktoba. Nimeazima vitabu vingi kadiri nilivyoruhusiwa na nimevipanga chini ya kitanda. Lakini si vitabu vilivyonifanya nianze kuandika hapa.

Jana baada ya misa baba na mama waliniketisha mezani. Baba alikuwa bado hajavua tai. Alisema yeye na mama wameshindwana. Hakuna aliyemkosea mwenzake, wameshindwana tu. Mama atahamia chumba cha juu, kile cha cherehani, na yeye atabaki chini. Viazi vyote vikishaingia ghalani, ndipo wataamua kama mama aondoke kabisa.

"Kwa nini mpaka viazi viingie?" niliuliza.

"Sasa lori ataendesha nani?" alisema mama, na baba akaitikia kwa kichwa. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku nzima.

Sina wa kumwambia. Mbele ya watu maneno hunikwama kooni, lakini kwenye karatasi hutoka. Sitaki mama aondoke. Nimeliandika ili nilione.

Jumanne, 18 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Redio ilisoma majina ya mashamba yatakayovuna leo, machache tu, yale ya kwenye udongo wa kichanga. La kwetu halikutajwa. Baba aliyatukana mawingu kimyakimya, kwa Kifaransa, kama anavyofanya akidhani sisikii. Mimi nilirudi kitandani na furaha ambayo siwezi kumwonyesha mtu. Kila kiazi kinachobaki ardhini kinamshika mama miguu.

Alhamisi, 20 Septemba

Kompyuta yetu iko kwenye ujia, chini ya ngazi, kwa hiyo sasa imejikuta mpakani. Mama anasomea uuguzi chuoni, mjini Fort Kent, na kazi zake zote zimo humo: ripoti za wagonjwa, video za mihadhara. Baba naye ameweka humo kumbukumbu za mashamba, mbegu gani ilipandwa wapi na mwaka gani. Leo diski ilijaa. Baba alikuta folda nzito asiyoijua, akaifuta.

"Normand, ile ilikuwa mihadhara yangu."

"Ningejuaje? Haina jina."

"Ina jina. Ina jina langu."

Hawakupaza sauti. Afadhali wangepaza. Nikasema kutoka jikoni, na sauti yangu ikanishangaza mwenyewe, kwamba naweza kuigawa diski.

Nilisoma maelekezo kwanza mpaka nikayaelewa. Kugawa diski ni kama kupiga mstari shambani: ardhi ni ileile, lakini huku viazi na huku shayiri. Kompyuta yenyewe huamini ina diski mbili pale ilipo moja. Niliirudisha mihadhara ya mama kutoka kwenye pipa la taka, nikahamisha mafaili, kisha nikakaa mchana kutwa nikiungoja mstari wa bluu ujae. Jioni nikawaita. Upande wa baba nimeuandika SHAMBA, wa mama nimeuandika MASOMO. Kipande chembamba cha mwisho ni changu, sikukipa jina.

"Kwa hiyo nikifungua hapa naona vyangu tu," alisema baba.

"Vyako tu."

"Na mimi vyangu," alisema mama. "Janelle, umetuokoa."

"Akili za ukoo wa Cyr hizo," alisema baba.

"Za ukoo wa Cyr zimefuta mihadhara," alisema mama.

Baba alikaribia kucheka. Nilipanda kulala nikiwaza: ikiwa diski inawezekana, kwa nini nyumba isiwezekane?

Jumamosi, 22 Septemba

Jua. Jina letu limetajwa. Nimesimama juu ya mashine ya kuvunia siku nzima, nikitoa mawe na madongoa kwenye mnyororo unaopandisha viazi, kabla viazi havijaangukia lorini. Nimepangwa kando ya Remi Ouellette wa darasani kwetu, ambaye kelele ya mashine haimnyamazishi, anapaza sauti juu yake tu. Remi huokota kompyuta mbovu na kuzifufua. Nilikosea nikamsimulia habari za diski.

"Umegawa diski? Profesa Cyr, heshima yako. Na nakala umetengeneza?"

"Ndiyo. Vitu vya mama nimevinakili upande wa baba, na vya baba upande wa mama. Upande mmoja ukiharibika, mwingine upo."

Aliacha jiwe likapita. "Ngoja kwanza. Ndani ya sanduku mna diski ngapi?"

"Moja."

"Basi huna nakala. Una barua mbili ndani ya mfuko mmoja, na suruali inakwenda kufuliwa."

"Pande ni mbili."

"Pande mbili za kitu gani? Mota ni moja, mkono wa kusomea ni mmoja. Ukitaka usalama tia diski ya pili, chuma kingine kabisa. Ninazo kibao nyumbani, nikuletee?"

"Hazigusani," nilisema. "Nimezitenganisha mwenyewe."

"Haya, bibi. Basi toa hilo dongo, lina ukubwa wa kichwa cha mjomba wangu."

Sikuongea naye tena mpaka jioni. Hakusema kwa ubaya. Sijui kwa nini nilikasirika vile kwa ajili ya kompyuta.

Jumatatu, 24 Septemba

Jua. Shamba la nyuma ya kanisa limekwisha.

Jumatano, 26 Septemba

"Mwambie mama yako breki za lori la kijani si nzuri." Nikapanda ngazi.

"Mwambie baba yako najua, mimi ndiye niliyemwambia." Nikashuka.

"Mwambie nitaziangalia leo." Nikapanda.

Shangazi Rolande, dada yake baba, huja kutupikia wakati wa mavuno. Alinitazama nikipita na kipande cha mkate mdomoni. "Watu wazima wawili, kila mmoja na ulimi wake," alisema, "na wanamtuma mtoto kama wako ng'ambo ya mto." Alisema kwa sauti ya kusikika juu na chini.

Kompyuta nayo imekuwa nzito. Nimeipanga inakili yenyewe kila jioni, kutoka upande huu kwenda ule, na jioni ndipo mama anaposoma. Video yake inakwenda, inakwama, inakwenda. Ule mkono mmoja unakimbia huku na kule. Nimemwambia mama avumilie.

"Navumilia," alisema.

Ijumaa, 28 Septemba

Mvua. Ahsante.

Jumapili, 30 Septemba

Nimechora ramani. Ngazi ya nje ipande mpaka chumba cha mama, kijichumba kile cha kando ya bafu kiwe jiko dogo, na mlango wa juu upate kufuli. Mama awe na nyumba yake ndani ya nyumba, na hakuna wa kwenda popote. Nilimwonyesha Shangazi Rolande wakati anamimina ployes, chapati zetu za maji, kwenye chuma. Alikuwa akitazama vitundu vinavyofunguka juu ya unga, maana ployes haigeuzwi, huiva kwa chini tu.

"Na tanuri ya kupasha nyumba?" aliuliza.

"Ni ileile."

"Kisima?"

"Kilekile."

"Haya. Na chumba chako kiko wapi?"

Niliitazama ramani. Sikuwa nimekichora.

"Kwenye ngazi," alisema, akanitilia ploye sahanini. "Usihangaike kuchora. Naona umeshahamia."

Niliiacha ramani mezani, nikala.

Jumatano, 3 Oktoba

Baridi ya kwanza ya kweli. Baba amewasha tanuri na mabomba ya maji moto yameanza kugonga ukutani, tik, tik, kama kila mwaka. Mwaka huu yanagonga zaidi kwenye ujia. Nimemwambia baba ayatoe hewa iliyonaswa ndani. Amesema akipata nafasi, na nafasi hana, maana wanasema wiki ijayo ardhi itaganda na kiazi kilichogandia shambani ni sawa na jiwe. Bado shamba kubwa la kando ya mto.

Mama amevunja ukucha kwenye mlango wa lori. Baba aliona damu, akaniambia mimi nimpelekee bandeji.

Ijumaa, 5 Oktoba

Jua. Tumevuna mpaka taa za lori zikawashwa. Mabomba bado yanagonga.

Jumamosi, 6 Oktoba

Mama aliniita mchana akiwa amekuja kubadilisha soksi. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, na mstari mmoja wa maneno meupe ulisema diski haipatikani. Nilizima, nikawasha. Tik, tik, tik, kisha kimya. Nikazima tena, nikaweka kiganja kwenye bomba la ukutani. Lilikuwa baridi. Shangazi alikuwa ameizima tanuri asubuhi kwa sababu ya jua. Nikaweka sikio kwenye sanduku la kompyuta, nikawasha kwa mara ya mwisho.

Siku zote zile haikuwa bomba.

Mama alikuwa na ripoti ya kuwasilisha Jumanne. Alikuwa ameiandika wiki mbili, kidogokidogo, baina ya safari za lori. Aliketi kwenye ngazi ya chini na soksi moja mkononi.

Baba akaingia na matope mpaka magotini. Alisimama upande wake wa ujia.

"Vya kwangu vipo?"

"Hapana, baba."

"Vya mama yako?"

"Hapana."

"Si ulisema umenakili?"

"Nilinakili. Vya kwako viko upande wa mama, na vya mama..." Nikajisikia ninavyosema.

Hakunigombeza. Aliketi kwenye benchi la viatu akaukuna uso, na vumbi likamwangukia mapajani. "Sijui sasa kule kando ya mto mwaka juzi nilipanda nini," alisema, kama anaongea na viatu.

"Katahdin," alisema mama. Ni aina ya viazi.

Baba aliinua kichwa. "Si zilikuwa kule shamba la Michaud?"

"Kwa Michaud zilikuwa za kukaanga. Kando ya mto zilikuwa Katahdin, na kabla yake shayiri. Ndio mwaka ule lori lilizama mpaka kwenye ekseli."

"Na wewe ukakataa kushuka."

"Ningeshukia wapi, Normand? Kwenye maji?"

Baba alicheka, na mama akacheka. Nilikimbia kuchukua karatasi. Waliyapitia mashamba yote, mmoja akianza na mwenzake akimalizia, nami nikaandika mkono ukaniuma. Nikawaza, kumbe diski imekufa kwa faida. Kumbe ndivyo itakavyokuwa. Nilikuwa nimepiga magoti katikati yao na sikutaka mashamba yaishe.

Yalikwisha. Baba alisimama, akachukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja vizuri. Mama alikuwa palepale kwenye ngazi, hata mguu wa baba ungeweza kumgusa.

"Mwambie mama yako ahsante," aliniambia, akatoka.

Nilimtazama mama. Alikuwa anavaa soksi.

Jumapili, 7 Oktoba

Nilimkuta Remi nje ya kanisa, nikampa diski ikiwa imefungwa kwenye taulo ya jikoni. Nilitegemea anicheke.

"Sikucheki leo," alisema. "Nitakucheka mwezi ujao, ukishasahau."

Aliifungua kwa bisibisi ndogo juu ya mlango wa nyuma wa pikapu ya kaka yake. Ndani mna sahani ya chuma inayong'aa kama kioo, na mkono mmoja mwembamba umelala juu yake. Kwenye sahani palikuwa na mkwaruzo, duara nzima.

"Upande wa mama ni upi?" niliuliza.

"Huoni kwa macho. Tuseme nje huku. Wa baba yako ndani huku. Mkono unatoka hapa, unakwenda pale, unarudi. Umeutumikisha, Profesa. Kila jioni ulikuwa unaubebesha vitu vilevile huku na huku."

"Ndio uliochoka?"

Alifikiri. Alikuwa hatanii. "Labda ulikuwa mbovu tangu zamani. Lakini ulipokwisha, pande zote zimekwisha nao."

Niliona uso wangu kwenye ile sahani, umekatwa na duara.

Alinipa diski mbili za zamani kutoka kwenye sanduku la viatu. Alisema atakuja kunisaidia kuzifunga. Nikamuuliza, zikiwa mbili, kila moja peke yake, zitaelewanaje?

"Kwani zimenuniana? Moja inaomba faili, nyingine inatoa. Zina waya." Akanigawia nusu ya donati lake. "Wewe una maswali ya ajabu. Kaa hapa Jumapili ijayo, uniulize mengine."

Mchana nilikwenda juu kumsaidia mama kuiandika upya ripoti. Ananiambia, mimi naandika, kwa mkono. Katikati ya ukurasa alinyamaza. Nilidhani anatafuta neno.

"Si kosa lako ile kompyuta," alisema.

"Ni langu."

"Haya, ni lako. Na mihadhara ilikuwa kosa la baba yako. Unajua ninachokitaka, Janelle? Nataka siku moja nipoteze kitu kwa kosa langu mwenyewe, mahali pangu mwenyewe. Nikililie, ninawe uso, nianze tena." Kisha akasema, "Mgonjwa ni mwanamume wa miaka sabini na moja. Andika."

Niliandika.

Jumatano, 10 Oktoba

Shule imefunguliwa lakini nimepewa ruhusa mpaka shamba la mto liishe. Asubuhi nilitazama mawingu kama kawaida, halafu nikagundua sijui naomba nini.

Ijumaa, 12 Oktoba

Mzigo wa mwisho umeingia leo. Mama aliendesha lori kutoka mtoni mpaka ghalani akipiga honi njia nzima, na sisi wa kwenye mashine tulikuwa juu ya viazi, Remi akiimba vibaya makusudi. Majirani walitoka vibarazani kutupungia. Baba alifunga mlango mkubwa wa ghala, akaupiga kofi moja kama mtu anavyompiga farasi aliyefanya kazi vizuri.

Baada ya chakula waliniketisha tena. Shangazi Rolande alikuwa anaosha vyombo na hakutoka. Nadhani hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Tumeongea, mimi na mama yako," alisema baba. "Tumeongea kweli, wenyewe. Tumeona tukuulize. Ukitaka, mama atakaa juu mpaka umalize shule. Ni miaka miwili. Ile ramani yako Rolande alinionyesha. Ngazi ya nje naweza kuijenga kabla ya theluji."

"Nitakaa," alisema mama. "Sitanuna, wala sitakulaumu kamwe."

Ndilo nililoliandika kwenye ukurasa wa kwanza. Ndilo nililoliombea mvua. Liliwekwa mezani mbele yangu, baina ya siagi na chumvi.

Nilimtazama mama. Alikuwa na vumbi la viazi kwenye kope, na alikuwa anatabasamu jinsi anavyotabasamu video yake ikikwama. Niliogopa nikisema ndiyo nitaliona tabasamu lile kila siku mpaka nimalize shule, na mimi ndiye nitakayekuwa nimelitengeneza.

Maneno yalinikwama. Walingoja. Shangazi alifunga bomba.

"Mama, nenda," nilisema.

Baba alivua kofia. "Una hakika, mwanangu?"

"Sina. Lakini aende. Nitakuja kwake na nitarudi kwako. Nitakuwa nakuja mwenyewe, sitaki kutumwa."

Mama aliuficha uso kwenye viganja. Baba aliugeuzageuza mfuniko wa siagi. Kisha akamtazama mama, si mimi, akasema, "Lise, lile godoro la juu ni zuri kuliko langu. Chukua lile."

Nilipanda nikalia mpaka shingo ikaniuma. Mvua imeanza. Haina kazi tena.

Jumanne, 16 Oktoba

Remi alikuja. Tumefunga diski moja kwenye kompyuta ya baba. Ya pili iko ndani ya mashine aliyomfufulia mama. Mama alimlipa kwa pai ya tufaha, naye Remi akaila nusu kabla ya kufika mlangoni.

Usiku nyumba inasikika kubwa, na bado hajaondoka.

Jumamosi, 20 Oktoba

Theluji nyepesi, ya kuyeyuka. Baba alifunga godoro na meza juu ya pikapu, akakaza kamba mara mbili, akaendesha polepole mpaka Fort Kent, sisi tukamfuata na gari la mama. Nyumba ya mama ni vyumba viwili juu ya duka la vinyozi. Dirisha la jikoni linatazama maegesho. Chumba chenye kitanda changu kinanukia rangi mpya na hakina kitu kingine.

Baba alipandisha vyote mwenyewe na hakukubali nimsaidie na meza. Alipomaliza alisimama katikati ya jiko na koti lake, kofia mkononi, akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia kanisa lisilo la kwao. Mama alimpa kahawa. Aliinywa amesimama. Mimi nilikaa juu ya boksi la vitabu, na hakuna aliyenitazama. Nilijihisi mpweke kuliko siku zote za mavuno, na nilijua kesho jioni nitarudi nyumbani na kujihisi hivyo tena, kwa upande wa pili.

"Lise," alisema baba, "naweza kukaa kidogo?"

Katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia baba akimwomba mama ruhusa ya kukaa.

"Karibu, Normand," alisema mama, akamvutia kiti.